Tusiidai Sarabanda Kabla ya Kuichunguza

Katika mazungumzo yetu ya Jumamosi, yale ya wanafunzi wa lugha za Kiafrika, mwenzetu mmoja alituletea muziki ambao wengi wetu hatukuwahi kuusikia. Aliunganisha simu yake na spika ndogo, akaomba tunyamaze. Tukasikia chombo kimoja tu cha nyuzi, chenye sauti nzito kidogo, kama mzee anayejisemea peke yake barazani. Kilikwenda polepole, kikihesabu tatu tatu, na mara nyingi uzito uliangukia pigo la pili badala ya la kwanza. Muziki ulipokwisha alitueleza: chombo kile kinaitwa viola da gamba, kipande kile kinaitwa sarabanda, ni ngoma iliyopendwa katika jumba la wafalme wa Ufaransa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na sarabanda, ndugu zangu, ni neno la Kikongo. Makofi yalipigwa hadi mlinzi akaja kuchungulia mlangoni. Nami nilipiga.

Ninaandika kwa sababu ya makofi yale. Siandiki kumvunja moyo mwenzetu. Amekubali nitaje habari hii bila jina lake, na ndiye aliyenipa muziki wote niusikilize nyumbani. Ninaandika kwa kuwa sisi ni watu wa isimu. Kama hoja ile ingetolewa sokoni au kwenye bwato la kuelekea Moba, ningecheka na kuiacha ipite. Lakini ilitolewa mbele ya watu waliofaulu somo la isimu linganishi, na hakuna aliyeuliza hata swali moja. Mimi pia sikuuliza.

Kwanza kuhusu muziki wenyewe, maana wengi wetu tulipiga makofi bila kujua tunachokisikia. Viola da gamba ni chombo cha nyuzi sita au saba kinachoshikwa katikati ya miguu na kupigwa kwa uta, kiganja kikitazama juu. Shingoni kimefungwa vipande vya utumbo wa mnyama, kimoja baada ya kingine, kuonyesha mahali pa vidole, kama gitaa. Kilistawi Ulaya katika karne ya 16 na ya 17, kisha katika karne ya 18 kikasukumwa kando na vyombo vyenye sauti kubwa zaidi. Suiti ni mfululizo wa ngoma zinazofuatana katika sauti msingi moja. Mwaka 1685, mjini Paris, mpigaji mmoja aliyeitwa Demachy alichapisha kitabu cha suiti nane za chombo hiki kikiwa peke yake, bila kingine cha kukisindikiza, nusu zikiwa katika noti za kawaida na nusu katika alama za vidole. Mwaka uliofuata Marin Marais akaanza kutoa vitabu vyake, ambavyo vilifika vitano, cha mwisho mwaka 1725.

Sasa tazameni majina ya ngoma zinazounda suiti, maana hapo mtu wa lugha lazima asimame. Ya kwanza baada ya utangulizi ni alemande: neno la Kifaransa, maana yake "ya Kijerumani". Kisha kurante, "inayokimbia". Kisha sarabanda. Kisha jigi, ambayo Wafaransa waliichukua kwa Waingereza. Suiti ni kama orodha ya maneno ya mkopo inayopigwa kwa uta. Kila ngoma imebeba jina la mahali ilikotoka au mwendo wake, na kufikia wakati wa Demachy hakuna aliyelazimika kuzicheza kwa miguu. Zilikuwa muziki wa kusikiliza umekaa. Katika orodha hiyo majina matatu yana maelezo yanayoeleweka. Moja tu halina, nalo ndilo tuliloambiwa ni letu.

Historia yake iliyoandikwa inashangaza. Shairi la Fernando Guzmán Mexía, la Panama, ambalo kwa kawaida huwekewa mwaka 1539, ndilo hutajwa kuwa la kwanza kulitaja neno hilo. Mwaka 1569 Pedro de Trejo aliandika sarabanda nchini Mexico. Miaka kumi baadaye padri Diego Durán, akieleza ngoma za wenyeji wa Mexico, alizifananisha na sarabanda, kana kwamba wasomaji wake wote waliijua. Ndipo tunaikuta Hispania, tena kwa mlango wa polisi: mwaka 1583 ilipigwa marufuku. Anayeiimba achapwe viboko mia mbili. Wanaume waongezewe miaka sita ya kupiga makasia katika meli za mfalme, wanawake wafukuzwe nchini. Ilisemekana ni ngoma ya aibu, ya kutikisa mwili, ya watu wa mitaani. Karne moja baadaye ngoma hiyohiyo imekuwa ya polepole na ya heshima, iko Paris, na mpigaji amefumba macho. Yaani neno lilionekana Amerika kwanza kabla ya Ulaya, katika makoloni ambamo Waafrika walikuwa wameshafikishwa kwa minyororo. Hapa ndipo shauku yetu inapoanzia, na ninakiri kwamba ni shauku yenye msingi.

Hoja ya Kikongo si ya mwenzetu peke yake. Nchini Kuba, katika dini ya Palo ambayo imebeba maneno mengi ya Kikongo, kuna roho ya chuma inayoitwa Zarabanda. Mwaka 1983 Mmarekani Robert Farris Thompson, katika kitabu chake juu ya sanaa na falsafa za Kiafrika ng'ambo ya Atlantiki, aliliunganisha jina la roho hiyo na neno la Kikongo nsala-banda, aina ya kitambaa kinachotumika kutengenezea dawa za nguvu. Tangu hapo watu wamerukia kutoka jina la roho hadi jina la ngoma, na kutoka ngoma hadi suiti za Ulaya. Ni mnyororo mzuri. Tuupime pingu kwa pingu.

Tuanze na mchezo ambao kila mmoja wetu anaweza kuufanya akiwa amekaa chini ya mwembe. Chukua sarabanda, geuza r kuwa l, ikate katikati: sala, banda. Mswahili atakuambia papo hapo: ni banda la sala! Ngoma ya ibada, basi. Mtu wa Lingala atacheka: kosala ni kufanya, kobanda ni kuanza, hiyo ni ngoma ya kuanza kazi. Mbemba atasema kwake kusala ni kuchagua. Mkongo atasema kwake sala ni kufanya kazi. Na Mhispania aliyekaa kimya pembeni atakumbusha kwamba banda anayo yeye pia katika lugha yake: ukanda wa kitambaa, na pia kundi la watu. Kila mmoja amepata lugha yake ndani ya neno moja, na hakuna aliyedanganya. Kwa bahati mbaya hata hiyo sala ya Kiswahili si ya Kibantu. Tumeipata kwa Waarabu.

Kwa nini inakuwa rahisi hivyo? Kwa sababu ya umbo la lugha zetu. Tuseme lugha ina vokali 5 na konsonanti 15, na silabi zake ni konsonanti na vokali tu. Hiyo inatoa silabi 75, na maumbo 5,625 ya maneno ya silabi mbili. Kamusi ya kawaida ya lugha ya Kibantu itajaza sehemu kubwa ya maumbo hayo. Anayetafuta, zaidi ya hapo, anajiruhusu kukata neno popote apendapo, kugeuza l na r, kutupa nazali ya mwanzo, na kuchagua lugha moja kati ya mamia. Kwa masharti hayo hata jina la mji wa London litapata asili Manono. Kufanana kwa sauti ni mwanzo wa kazi. Ndiyo maana walimu wetu wanatuchosha na majedwali ya mfanano wa vitamkwa.

Mfano mzuri zaidi uko kwenye jina la chombo chenyewe. Gamba! Baada ya mkutano rafiki mmoja aliniambia, kwa uso wa mtu aliyegundua madini, kwamba viola da gamba ni gambusi ya Zanzibar. Fikirieni uzuri wake: chombo cha nyuzi pale, chombo cha nyuzi hapa, herufi nne za kwanza zilezile. Mwingine akaongeza kwamba Kiswahili kina gamba, la mti na la samaki, na chombo kile ni cha ubao. Lakini gamba ya Kiitaliano ni mguu tu, ndugu yake jambe ya Kifaransa ambayo sote tuliikariri shule ya msingi. Chombo kinaitwa hivyo kwa kuwa kinashikwa kwa miguu. Gambusi imetokana na qanbus ya Yemen, nayo ilikuja pwani kwa majahazi, na Komoro wanaiita gabusi. Maneno matatu, nyumba tatu, hakuna undugu. Na hapa tunazo sauti zinazolingana kuliko sarabanda na nsala-banda, na maana zinazokaribiana kuliko kitambaa na ngoma. Kama gamba na gambusi zinatudanganya, tuna sababu gani ya kuiamini ile nyingine kwa masikio tu?

Lakini nisiwe kama yule anayejiona mwanasayansi kwa kukataa kila kitu. Tuifanye kazi yenyewe. Ili nsala-banda iwe sarabanda, lazima mambo mawili yatokee kwenye sauti: n ya mwanzo idondoke, na l igeuke r. Je, tunao ushahidi kwamba Wareno na Wahispania walizichukulia sauti za huku kwa namna hiyo? Tunao, na kila Mkongomani anaujua bila kujua kwamba anaujua. Ni jina Zaire. Wakongo waliuita mto wao nzadi, au kwa matamshi mengine nzere. Wareno, waliofika mlangoni mwake na Diogo Cão miaka ya 1480, wakaandika Zaire. N imedondoka mbele ya z. D imekuwa r. Jina hilo la kusikia vibaya likarudi kwetu mwaka 1971 na kuwa la nchi na la mto kwa miaka ishirini na sita, nasi tukaambiwa ndiyo uhalisia wetu. (Wazazi wangu bado husema "zaire" wakihesabu bei za zamani.)

Kwa hiyo kudondoka kwa n si tatizo. Naweza hata kuwasaidia wanaodai: ns ya Kikongo mara nyingi husikika kama nts, na Kihispania cha karne ya 16 kilikuwa na sauti kama ts iliyoandikwa kwa ç, herufi inayoonekana katika maandishi ya zamani ya neno hili. Pointi kwao. Lakini l? Hapo Zaire haitusaidii. Katika Kikongo l na d ni sauti zinazopeana nafasi kutegemea vokali inayofuata: mbele ya i hutamkwa d, mahali pengine l. R ya Zaire ilizaliwa katika mazingira hayo ya i, ambako ulimi unagonga haraka na sikio la mgeni linapotea. Katika nsala, l iko mbele ya a. Wareno walifanya nini na l iliyo mbele ya a? Tazameni ngola, cheo cha mtawala wa Ndongo, katika Kimbundu, jirani wa Kikongo. Wamelifanya Angola. N wameipa vokali ya kuishika mkono, lakini l wameiacha l. Pointi dhidi yao. Anayedai atasema kwamba katika Kihispania cha Waafrika wa Amerika l na r zilibadilishana sana. Ni kweli zilibadilishana. Ila sheria inayoruhusu sauti kwenda pande zote mbili wakati wowote haithibitishi chochote, inaruhusu tu.

Kuhusu sauti, basi, hukumu yangu ni kwamba inawezekana, si zaidi.

Kuhusu watu, hali ni ngumu zaidi kuliko tulivyodhani Jumamosi ile. Hakuna anayekana kwamba watu wa Kongo waliuzwa mapema. Mwaka 1526 mfalme Afonso wa Kongo, Mvemba a Nzinga, alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawachukua hata watoto wa wakuu na jamaa zake. Barua hiyo inaumiza hadi leo. Lakini watafiti wa biashara ya utumwa wanaonyesha kwamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 16 wengi wa waliopelekwa makoloni ya Hispania walitoka Senegambia na pwani ya Guinea; wingi wa watu wa Kongo na Angola uliongezeka baadaye, hasa Wareno walipojenga Luanda katika miaka ya 1570. Ikiwa neno lilikuwa Panama mwaka 1539, lilitangulia wingi huo. Kuwa wachache si kutokuwapo, na neno halihitaji watu elfu kulisema. Mpigaji mmoja mwenye sifa anatosha. Ila anayetaka kuthibitisha kwa hoja ya "walikuwa wengi kule" amekosea karne. Nayo Zarabanda ya Kuba, pingu ya kwanza ya mnyororo, imetufikia kupitia watu walioletwa Kuba kwa wingi baadaye sana. Labda majina haya mawili hata hayajuani. Labda pia Wakongo wa Kuba walilichukua neno la Kihispania lililokuwa tayari mdomoni mwa watu na kulivisha roho yao. Mkopo hupita njia zote mbili, na hilo hatukulisema kabisa siku ile.

Imebaki maana. Wapinzani wa hoja ya Kikongo hucheka hapa: kitambaa cha dawa kinakuwaje ngoma? Mimi siwachekei, na sababu yangu iko karibu. Wengine, wakitafuta Uajemi, wamelitoa neno hili kwenye sarband, kifungo cha kichwa. Yaani nacho ni kitambaa! Pande zote mbili zinavutana nguo, na upande mmoja unaona nguo ya mwenzake haiwezi kucheza. Tena sisi wa Afrika Mashariki tuna kesi iliyothibitishwa ya neno lililotoka kwenye kitu kingine likawa ngoma: beni. Neno la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta lilifika pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, likageuka jina la ngoma yenye sare, vyeo na magwaride ya mzaha. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia na baada yake ilisafiri na askari, wapagazi na wafanyakazi, ikavuka Tanganyika, ikafika Katanga, ambako Elisabethville iliitwa mbeni. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975. Beni haikuhitaji mtu kukisia. Tuna maandishi ya watawala walioiogopa, tuna wazee waliohojiwa, tuna njia mji kwa mji. Ndivyo ushahidi wa neno linalosafiri na ngoma unavyoonekana. Kwa sarabanda tunazo ncha mbili za uzi, na katikati hewa.

Najua jibu nitakalopewa, kwa kuwa nimeshapewa na rafiki ninayemheshimu. Wazungu, alisema, walijichukulia kila kitu bila kuleta ushahidi. Mji wetu huu ramani ziliuita Albertville hadi 1966, nani aliulizwa? Leo Mkongomani akidai neno moja, ndugu zake ndio wa kwanza kumdai risiti. Jibu hilo lina uzito, na sitajifanya halikunigusa. Ni kweli pia kwamba wataalamu wa Ulaya kwa muda mrefu walitafuta asili ya ngoma hizi Uajemi na Uarabuni kabla ya kufikiri kutazama Afrika, ingawa neno lilikuwa limeandikwa mahali palipokuwa na Waafrika. Upofu huo si wa bahati mbaya.

Lakini angalieni tulichofanya na rumba. Tarehe 14 Desemba 2021 rumba ya Kongo iliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, kwa maombi ya Kongo zote mbili, nasi sote tulifurahi. Na katika kila hotuba tulirudiwa kwamba rumba ni nkumba, kitovu, kwa sababu wahenga walicheza kitovu kwa kitovu. Inawezekana. Ila neno hilo limepata pia maelezo ndani ya Kihispania, kutoka rumbo, na sijawahi kumsikia msemaji mmoja akieleza kwa nini nk ya mwanzo igeuke r. Sasa nkumba imekuwa kama sala ya asubuhi: haiulizwi. Siku mtu wa nje atakapoonyesha kwamba haisimami, itaonekana kana kwamba urithi wenyewe umeanguka, wakati urithi haukuwahi kusimama juu ya neno hilo. Rumba ni yetu kwa sababu ya Wendo, ya Grand Kallé, ya Franco, ya gitaa za Léopoldville zilizosikiliza sahani za Kuba na kuzijibu. Tumeifunga kwenye kigingi dhaifu bila haja.

Ndivyo ninavyoiogopea sarabanda. Kama mchango wa Waafrika katika ngoma za Amerika ya karne ya 16 ni mkubwa, na mimi naamini ni mkubwa, basi utaonekana katika midundo, katika sheria za kuzuia ngoma, katika majina ya watu mahakamani. Kuuegemeza wote kwenye neno moja lenye silabi nne ni kuwapa wanaotudharau kazi rahisi. Nami nataka iwe ya Kikongo, nikiri wazi. Nimeisikiliza ile sarabanda usiku, umeme ukiwa umekatika na simu ikiwa na asilimia tisa ya moto, na pale uzito unapoangukia pigo la pili nimejikuta nikitikisa kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake. Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Neno ninalolitamani hivyo ndilo ninalopaswa kuliwekea masharti makali.

Kazi ya kufanya ipo, na haihitaji kwenda Madrid kwanza. Kuna hati ya karne ya 17 inayopaswa kujulikana na kila mwanafunzi wa kitivo hiki: kamusi ya Kilatini, Kihispania na Kikongo iliyonakiliwa kwa mkono na Mkapuchini Joris van Gheel karibu mwaka 1652, ambayo imehifadhiwa Roma. Ni kamusi ya zamani zaidi inayojulikana ya lugha ya Kibantu. Mwaka 1928 Van Wing na Penders walichapisha toleo lake, na katika miaka ya karibuni watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent wameishughulikia upya. Kikongo na Kihispania vimekaa ukurasa mmoja, katika karne ambayo Demachy alitoa suiti zake! Ni kweli imekuja zaidi ya miaka mia baada ya shairi la Panama, na kutokuonekana kwa neno ndani yake hakutaua hoja. Lakini likionekana, likiwa na maana ya ngoma au ya nguo ya wachezaji, nitapiga makofi mara ya pili, safari hii kwa sababu. Ikikosekana hapo, tuna kamusi ya Laman ya 1936, yenye lahaja nyingi, ambayo inaweza kutuambia angalau nsala na banda zilikuwa hai wapi na kwa maana gani.

Na tukiwa na hamu kweli ya majina ya ngoma, tunayo mlangoni petu. Padri Auguste Van Acker alitoa kamusi ya Kitabwa mwaka 1907. Ni nani kati yetu amekwenda na kamusi hiyo kwa wazee wa Moba au Mpala kuuliza ni majina gani ya ngoma bado yanajulikana, na nani aliyaleta kutoka wapi? Katika daftari langu nina majina kumi na moja niliyoyapata kwa bibi yangu na majirani zake. Mawili anadai yalikuja na watu wa reli, moja anakataa kunieleza maana yake kwa kuwa mimi ni mjukuu.

Mwenzetu wa Jumamosi na mimi tumekubaliana tuanze na hati ya 1652. Kuna ugumu mdogo: imepangwa kwa alfabeti ya Kilatini, kwa hiyo hatuwezi kufungua N na kutafuta nsala. Inabidi kuingia kwa saltare, kucheza, na kwa pannus, kitambaa, kisha kusoma kilichoandikwa upande wa Kikongo. Yeye alisoma seminari ndogo miaka minne na Kilatini chake hakijafa. Mimi nitashika upande wa Kikongo. Anayejua Kihispania anakaribishwa. Tunakutana Jumatano baada ya somo la fonolojia, na safari hii spika haitakuwapo.